Kisa cha Free Frank: Nani Atoke Kwanza?

Kabla hatujaanza

Hiki ni kisa cha kweli kilichotokea Marekani zaidi ya miaka 150 iliyopita. Nimekichagua kwa sababu ndani yake kuna baba aliyelazimika kupiga hesabu ambayo hakuna mzazi anayetaka hata kuifikiria, yaani kwenye familia yangu nimnunue nani kwanza na nani asubiri. Mhusika mwenyewe nitamtaja kwa jina maana ni mtu wa historia, mji alioupima leo ni eneo la kumbukumbu la taifa. Ila majirani, warithi wa mabwana na watu wengine wa pembeni nimewaacha bila majina, hawaongezi kitu kwenye somo lenyewe.

Nilichogundua ni kwamba wengi wetu tukisikia mtu mweusi wa Marekani enzi za utumwa akilini zinakuja picha mbili tu, mtumwa yuko shambani anapigwa jua au mtumwa anatoroka usiku. Kuna kundi la tatu hatulisikii sana. Hawa ni weusi waliokuwa huru, wakaenda kule pembezoni magharibi ambako serikali ilikuwa inauza ardhi kwa bei ya chini (ardhi iliyokuwa ya wenyeji wa asili waliofukuzwa, nalo lisemwe), wakafyeka, wakalima, wakajenga, huku sheria za majimbo zikiwawekea vizingiti kila hatua. Frank ni mmoja wao na nadhani ndiye anayefundisha zaidi, kwa sababu kila alichofanya kimeacha karatasi nyuma.

Alikotoka

Frank alizaliwa 1777 South Carolina. Mama yake aliitwa Juda, alitekwa Afrika Magharibi akavushwa bahari. Baba yake inaaminika alikuwa ni yule yule mzungu aliyekuwa anammiliki mama, kwa hiyo huyu mtoto alizaliwa mali ya baba yake mwenyewe. Sina cha kuongeza hapo.

Mwaka 1795, kijana wa miaka 18, bwana akamchukua wakahamia Kentucky, eneo ambalo baadaye likaitwa wilaya ya Pulaski. Kipindi hicho kulikuwa ni pori, hakuna barabara ya maana, shamba unalianza kwa kuangusha miti mikubwa na kung'oa visiki, na kazi hiyo Frank aliifanya. Kwa hiyo ukisema Frank alikuja kuwa mwanzilishi wa makazi mapya baada ya kupata uhuru unakosea kidogo, ujuzi wa kuanzisha makazi porini aliupata akiwa mtumwa, tofauti ni kwamba faida ilikuwa inakwenda mfukoni kwa mtu mwingine.

1799 akaoa. Mke wake Lucy naye alikuwa mtumwa, ila wa mmiliki mwingine, shamba jirani. Ndoa yao kisheria haikuhesabika kama ndoa. Wakaanza kupata watoto, na watoto wote hao walikuwa mali ya bwana wa Lucy, sio wa Frank, sio wa Lucy, na wala sio wa bwana wa Frank. Shikeni hapo maana ndio ufunguo wa kisa kizima: sheria ya utumwa kule ilisema mtoto anafuata hali ya mama. Mama mtumwa mtoto mtumwa, hata baba awe nani.

Pango na baruti

Kama 1810 hivi bwana wa Frank akahamia Tennessee akamwacha Frank asimamie shamba la Kentucky. Wakakubaliana kwamba Frank anaweza kujikodisha, yaani afanye kazi kwa watu wengine muda wake, alete kiasi fulani kwa bwana, kinachobaki chake. Mpango wa namna hii haukuwa wa Marekani peke yake, hata pwani yetu walikuwepo watumwa waliotoka kufanya vibarua mjini na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana.

Sasa Frank hakuishia kwenye vibarua. Kentucky ina mapango mengi, na ardhi ya yale mapango ina shura, ile chumvi inayotengenezea baruti. Vita ya 1812 kati ya Marekani na Uingereza ilipoanza baruti ikahitajika sana na bei ya shura ikapanda. Frank akaingia humo.

Hebu tuione hiyo kazi vizuri. Unaingia pangoni na mwanga wa mwenge, unachimba udongo mkavu wa sakafuni, unaubeba kwenye magunia mgongoni mpaka kwenye mapipa makubwa ya mbao, unaumwagia maji, maji yanapita taratibu mpaka chini yakiwa yamebeba ile chumvi. Yale maji unayachanganya na maji ya majivu ya kuni, halafu unayatia kwenye masufuria makubwa ya chuma unachemsha, unachemsha, kuni zinakatwa muda wote na moto hauruhusiwi kulala, mpaka maji yapungue kabisa. Ukiyaacha yapoe vinaganda vipande vyeupe kama mabonge ya chumvi. Gunia zima la udongo linakupa kitu kidogo tu. Na hii anaifanya mtu ambaye bado ana shamba la bwana la kuangalia na malipo ya bwana ya kupeleka, halafu ndani ya hicho kinachobaki ndio anaweka akiba.

Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia huyu mzee. Hakuwa na shule, hakujua kusoma wala kuandika, nyaraka zake alisaini kwa kuweka alama ya mkasi, lakini aliona soko linafunguka akaliingia akiwa bado ni mali ya mtu.

Bwana akafariki 1815. Hakuacha agizo lolote la kumwachia Frank huru. Frank akapita kwa warithi kama vile ng'ombe na viti vya nyumba vinavyopita.

1817: anaanza Lucy

Tumefika kwenye uamuzi wenyewe. Frank ana hela, zinatosha kumtoa mtu mmoja. Ukiniuliza mimi, na nimewauliza watu kadhaa, wengi wanasema ajitoe yeye kwanza, maana yeye ndiye mtafutaji, akiwa huru atapata hela haraka halafu awavute wengine. Ni jibu la akili tu, halina ubaya.

Frank alifanya tofauti. Mwaka 1817 alilipa dola 800 akamnunua Lucy, yeye akabaki mtumwa.

Kwanini? Rudi kwenye ile sheria ya mtoto kufuata mama. Lucy wakati huo alikuwa mjamzito. Angejifungua akiwa mtumwa, mtoto angekuwa mali ya bwana na siku moja Frank angelazimika kumnunua naye. Kumtoa Lucy kulifunga bomba. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo, Squire, alizaliwa huru bila kulipiwa hata senti, na waliomfuata pia. Kwa hiyo zile dola 800 zilimnunua Lucy na zikawanunua watoto ambao walikuwa hawajazaliwa. Angeanza na yeye mwenyewe angepata mtu mmoja.

Ili uone uzito wa hizo hela, miaka 19 baadaye Frank alinunua ardhi ya serikali kwa dola 1.25 kila ekari. Dola 800 kwa bei hiyo ni ekari 640.

Miaka miwili mingine ikapita, mwanaume anaishi na mke aliye huru na mtoto aliye huru, yeye akiwa bado mali. 1819 akalipa dola nyingine 800 kwa warithi, akatoka. Alikuwa na miaka 42. Tangu hapo kwenye nyaraka anaandikwa Free Frank, yaani Frank Huru, hana jina la ukoo, hali yake ndio ikawa jina lake.

1829: mtambo kwa mtoto

Watoto waliozaliwa kabla ya 1817 walikuwa bado wamebaki utumwani. Mmoja, Frank mdogo, 1826 alichoka akatoroka mpaka Kanada. Huko yuko huru, hakuna wa kumgusa. Ila harudi nyumbani. Akikanyaga Kentucky anakamatwa kama mtoro, mama hamwoni, baba hamwoni.

Frank mkubwa akafanya biashara ambayo ukiiangalia kwa macho ya mhasibu ni hasara tupu. 1829 akatoa shughuli yake yote ya shura, ule mtambo uliomtoa yeye na mke wake, akabadilishana na uhuru wa huyu kijana. Amelipia mtu ambaye tayari alishajitoa mwenyewe kwa miguu yake. Kwa nini sasa? Kwa sababu uhuru wa kujificha ng'ambo ya mpaka haukumtosha, alitaka mtoto mwenye karatasi, anayeweza kukaa mezani na familia yake na kuhama nao waziwazi mchana.

Na kuhama ndio kulikuwa kunafuata.

Safari, na waliobaki

1830 familia ikauza vitu ikaondoka Kentucky kuelekea Illinois. Frank ana miaka 53. Alikuwa ameshanunua ekari 160 kule, wilaya ya Pike, kwa daktari mmoja wa Kentucky, bila kuiona hiyo ardhi hata siku moja. Safari ni ya gari la kukokotwa, vyombo, mbegu na watoto. Majira ya baridi yakawakuta wakiwa wameshaingia Illinois lakini hawajafika, ikabidi wakae njiani, na baridi yenyewe ya mwaka huo, 1830 kuingia 1831, ni ile ambayo Illinois iliikumbuka vizazi na vizazi kwa theluji yake nzito. Walifika shambani 1831. Kwenye kata ile, Hadley, hakukuwa na mtu mwingine, wao ndio walowezi wa kwanza.

Walioondoka ni Frank, Lucy, Frank mdogo na wale watoto waliozaliwa huru. Waliobaki Kentucky ni Solomon, Juda na Sally, watoto wakubwa waliozaliwa kabla ya 1817, na wajukuu. Bado ni mali ya watu.

Nimekaa na sehemu hii muda mrefu. Unamwacha binti yako, unamwachia neno tu kwamba nitarudi, kuandikiana barua haiwezekani, na unaenda umbali wa wiki kadhaa ukijua bwana wake akifa au akidaiwa anaweza kuuzwa kusini na usimwone tena. Lakini kubaki nako kulikuwa na tatizo lake. Mtambo umeshatolewa. Ardhi nzuri ya Kentucky imeshachukuliwa na bei imepanda. Hela ya kumtoa mtu yeyote sasa ingetoka wapi? Kule magharibi ardhi ilikuwa rahisi na udongo mpya. Alihama ili apate pa kuchuma hela ya kuwarudia.

Illinois yenyewe iliitwa jimbo huru, ila msidanganyike na jina. Mweusi anayehamia alitakiwa awe na cheti cha kuonyesha yuko huru na aweke dhamana ya dola 1,000. Hapigi kura. Hatoi ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Baadaye, 1853, jimbo likapiga marufuku kabisa weusi wengine kuhamia. Na shamba la Frank lilikuwa kama maili 20 hivi kutoka Hannibal, Missouri, ng'ambo ya mto Mississippi, ambako utumwa ni halali na kulikuwa na watu wanaoishi kwa kuteka weusi walio huru na kwenda kuwauza.

Mji wa viwanja 144

Wakalima na kufuga. Miaka minne baada ya kufika, 1835, Frank akampata Solomon kwa dola 550.

Halafu 1836, mzee wa miaka 59, akafanya kitu ambacho hakuna mweusi wa Marekani anayejulikana kuwa alikifanya kabla yake. Alichukua ekari 80 za serikali kwa dola 100, akamleta mpimaji, wakachora mji kwenye ekari 42 za hilo eneo na kuusajili rasmi. Viwanja 144, kila kimoja futi 60 kwa 120, barabara zimenyooka, mbili kubwa katikati. Akauita New Philadelphia. Kusudi la mji lilikuwa wazi kwake na kwa familia, kila kiwanja kinachouzwa kinasogeza mtu mmoja wa Kentucky karibu na nyumbani.

Hapo unaona biashara ile ile ya shura kwa sura nyingine. Kule alichukua udongo usio na thamani akautoa chumvi yenye bei. Huku alichukua nyika ya dola na senti 25 akaitoa viwanja. Na muda ulikuwa sahihi, mwaka huo huo watu walikuwa wanamiminika Illinois na miji mipya inachorwa kila kona, mingine ikabaki mchoro tu bila nyumba hata moja. Ya Frank ilijaa watu kweli. Walikuja weusi na wazungu, wakanunua, wakajenga kando kwa kando, kukawa na mhunzi, seremala, fundi viatu, duka, posta. Mwaka 1865 wakazi walifika kama 160, takriban theluthi weusi. Baadaye kukawa na shule ambapo watoto wa pande zote mbili walikaa pamoja. Makaburini walitengana lakini, nalo nalisema ili tusipake rangi.

Karatasi ya 1837

Kuna hatua ndogo hapa ambayo watu wanaipita haraka, mimi naomba tusimame.

Frank ana mji, anauza viwanja, lakini mahakamani yeye ni nani? Hana jina la ukoo. Hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mteja mzungu. Mtu akija kesho akasema hiki kiwanja hukuniuzia ulinipa, atamjibu vipi? Kwa hiyo alipeleka ombi kwenye bunge la jimbo la Illinois, na 1837 bunge likapitisha sheria kumhusu yeye: anaitwa Frank McWorter, ana haki ya kushtaki na kushtakiwa, kununua na kuuza, na watoto wake wanachukua jina hilo. Miaka miwili baadaye, 1839, yeye na Lucy wakafunga ndoa kisheria. Ilikuwa imepita miaka 40 tangu waoane.

Fikirieni huyu ni mtu asiyejua kusoma, katika jimbo lisilomtaka, na bado alielewa kuliko wasomi wengi kwamba mali isiyo na jina kwenye karatasi inaondoka. Nadhani alijifunza 1815, siku bwana alipokufa na miaka yote ya kuaminiana ikawa haina thamani kwa sababu hakuna kilichoandikwa.

Ilivyoisha

Mabinti walitoka miaka ya 1840 na kuendelea, mmoja mmoja, baba akisafiri mwenyewe kurudi Kentucky na hela mfukoni, mweusi huru akipita kwenye nchi ya utumwa. Alifariki 1854 akiwa na miaka 77. Wosia wake haukuishia kugawa mashamba, uliagiza kwamba mali itumike kuwatoa wajukuu waliobaki, na watoto wakatekeleza. Jumla kuu, yeye mwenyewe akiwemo na wale waliotolewa baada ya kifo chake, ni watu 16. Hela yote inakadiriwa kati ya dola 14,000 na 15,000.

Mji ulikuwa bado unakua alipofariki. Kilichouua ni reli. Mwaka 1869 njia ya reli kutoka Hannibal ilipofika maeneo yale ikapinda ikapita kaskazini ya mji, kama maili moja, kituo kikawa mji mwingine. Wapo watafiti wanaoona ubaguzi kwenye hiyo kona ya reli, na nikiiangalia ramani nawaelewa, ila mimi sina cha kuthibitisha. Matokeo hayabadiliki, mizigo ilikokwenda watu nao walikwenda, na 1885 sehemu kubwa ya mji ikafutwa kisheria viwanja vikarudi kuwa shamba. Waakiolojia walikuja kuchimba mwanzoni mwa karne hii wakakuta misingi ya nyumba na vyombo vilivyovunjika chini ya majani. Desemba 2022 eneo likaingizwa kwenye hifadhi za taifa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mpangilio wa 1817 ndio uamuzi bora kabisa ndani ya kisa hiki na sitachoka kuusema. Frank alielewa kwamba tatizo lake lilikuwa linaongezeka kila mwaka, familia inazaa na kila anayezaliwa anaongeza deni. Ukiwa na deni la namna hiyo ukianza kulipa lililopo huku jipya linaingia utalipa mpaka kufa. Akaziba kwanza panapovuja, halafu ndio akarudi kuhesabu yaliyopo.

La pili, hakuwahi kupenda njia yake ya kipato kuliko kusudi lake. Mtambo wa shura ulikuwa fahari yake bila shaka, lakini ilipofika siku ya kijana akautoa. Wafanyabiashara wengi tungesema subiri kidogo, mtambo uzalishe, nitamtoa mtoto mwakani kwa faida. Na vita ya 1812 ilishaisha siku nyingi, shura haikuwa tena ile ya zamani, kwa hiyo huenda alitoa kitu ambacho thamani yake ilikuwa inashuka akapata kitu ambacho hakishuki. Ukisema ni moyo wa baba ni kweli, ukisema ni jicho la biashara ni kweli pia, kwa mtu huyu sioni kama viliachana.

La tatu ni karatasi, nimeshaeleza.

Uchambuzi: kilichokwama

Hapa nitasema kitu ambacho huenda baadhi hawatakipenda. Kwa kanuni yake mwenyewe ya 1817, baada ya Lucy walitakiwa wafuate mabinti. Juda na Sally walikuwa wanazaa, na kila mjukuu aliyezaliwa Kentucky alizaliwa mtumwa. Badala yake 1829 alitoka Frank mdogo, 1835 akatoka Solomon, wote wanaume, mabinti wakasubiri mpaka miaka ya 1840 na zaidi. Bomba lile lile alilolifunga kwa mama akaliacha wazi kwa mabinti, na ndio maana mpaka anakufa kulikuwa bado kuna wajukuu wa kununuliwa.

Alisahau? Siamini hata kidogo. Naona hesabu ilibadilika. 1817 alikuwa na mtambo na yeye ndiye mfanyakazi. 1831 ana ekari 160 za nyika na mwili wa miaka 54, shamba jipya linataka mikono la sivyo halizalishi, na lisipozalisha hakuna anayetoka. Akachagua mikono kabla ya tumbo. Solomon alipofika shamba lilipata nguvu ya kuwavuta wengine. Kuna na jambo jingine, anayeuza ndiye anayeamua, warithi wa kule Kentucky wangeweza kukataa kumwachia mwanamke anayezaa kwa sababu ile ile iliyomfanya Frank amtake. Hivyo simlaumu. Lakini gharama ya uamuzi huo ilibebwa na Juda na Sally na watoto wao, na kisa kikisimuliwa bila wao tunakuwa tumekisimulia nusu.

Wapo pia wanaosema kuwalipa mabwana kulikuwa kuwatajirisha, hela ya Frank imeingia kwenye mfumo ule ule. Dola 14,000 kwa bei ya ardhi aliyoinunua ni zaidi ya ekari 11,000, na zote zilienda kwa watu waliowashika watoto wake. Ni kweli, na inauma. Ila swali hilo aulizwe aliyekuwa anauza. Mzee alikuwa na binti ng'ambo kule.

Kuhusu reli sina mengi. Alikuwa amekufa miaka 15 kabla. Mji ulikuwa umetegemea njia za magari ya kukokotwa, na mji wowote wa wakati ule uliorukwa na reli ulikuwa na nafasi ndogo ya kupona, uwe wa mweusi au wa mzungu. Unachoweza kusema ni kwamba familia ilikuwa imeweka sehemu kubwa ya thamani yake kwenye viwanja vya mahali pamoja. Ila mpaka reli inapita viwanja vilikuwa vimeshafanya kazi viliyopangiwa.

Lucy alikuwepo kuishuhudia. Alikuwa amezaliwa 1771, akanunuliwa kwa dola 800 akiwa na mimba, akavuka theluji ya 1830, akamzika mume 1854, akauona utumwa ukifutwa nchi nzima 1865. Alifariki 1870 huko huko New Philadelphia, miaka 99, mwaka mmoja baada ya treni ya kwanza kupita kaskazini ya mji.